Lenzi ya kubana kwenye simu, shilingi 1,200, na wadudu wa kabatini kwangu

Nianze na bei maana ndiyo mtu huuliza kwanza. Shilingi 1,200, baada ya kuvutana na kijana wa duka la simu upande wa Digo Road, hapa Mombasa, aliyeanzia 1,800. Ni lenzi ndogo ya kubana, pembeni imeandikwa 15x, yaani kukuza mara 15, haina jina la kampuni wala kikaratasi cha maelezo. Niliitafuta kwa kazi moja tu: kupiga picha wadudu wa jikoni, wale wa milimita mbili tatu ambao shoga zangu huwapepeta kwenye ungo wakawamwaga uani. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne. Ya tano imeliwa na kibanio.

Ikija huwa ni lenzi mbili zimekazwa moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya kupanua mandhari, ya chini ndiyo ya kukuza. Izungushe ya juu uitoe kwanza. Kijana alinambia wateja humrudishia wakidai ni mbovu, kumbe wameziacha zote mbili. Simu ikiwa na kamera tatu, ziba moja moja kwa kidole ujue ipi ndiyo kuu, hapo ndipo ubane. Na kama simu yako hujibadilishia kamera yenyewe ukisogea karibu, izime hiyo tabia kwenye mipangilio, la sivyo utajikuta watazama giza.

Sasa wadudu, na hapa ndipo pesa yangu iliporudi. Fukusi wa mahindi kwa jicho tupu ni punje nyeusi yenye miguu. Kwenye lenzi ana mdomo mrefu uliopinda mbele kama mkonga, mgongo umejaa vishimo, na mabawa magumu ya juu yana madoa manne ya rangi ya kutu. Kwa mdomo huo jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute wake. Ndiyo maana mahindi unayanunua Kongowea yakiwa mazima machoni, halafu yanatoboka ndani ya debe lako na unamlaumu muuzaji. Lakini msinitumie picha mkiniuliza kama ni Sitophilus zeamais au Sitophilus oryzae wa mchele. Wawili hao wamefanana mno, wataalamu huwapasua kutazama viungo vya uzazi, na lenzi ya 1,200 haipasui mtu.

Wa kunde na choroko, Callosobruchus, ndio wa kuanzia mazoezi. Mabawa yao hayafiki mwisho wa tumbo, kwa hivyo wanaonekana kama waliovaa kizibao kifupi. Na mayai yao meupe wanayagandisha juu ya ngozi ya kunde, hayatembei, hayaruki, unayapiga picha hadi mkono uchoke.

Aliyenipendeza kuliko wote nilimpata kwenye papa mkavu, na baadaye kwenye mbata alizoniletea shemeji kutoka Kwale. Necrobia rufipes. Buluu ya kung'aa inayogeuka kijani ukibadilisha mwanga, miguu myekundu, na nywele nyeusi zimesimama mwili mzima. Ndugu yake, Necrobia ruficollis, aliwahi kuokoa roho ya mtu. Mwaka 1794, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, padri Pierre André Latreille alikuwa kifungoni Bordeaux akimchunguza mdudu huyo sakafuni. Daktari wa gereza akashangaa, akampelekea mdudu kijana mmoja mpenda viumbe, Bory de Saint-Vincent, naye akafanya juhudi hadi padri akaachiliwa. Mimi na rufipes wangu tulikutana juu ya ng'onda, lakini heshima yake nilimpa.

Kwenye bizari na pilipili ya unga lenzi ilinitatulia ubishi. Kuna wadudu wawili wa hudhurungi, wa mviringo, wenye kuinamisha kichwa hadi usikione. Lasioderma serricorne ana vipapasio vya meno meno na mgongo usio na mistari. Stegobium paniceum ana mistari iliyonyooka mgongoni, na vipapasio vyake huishia kwa vipande vitatu vikubwa. Wangu ni Lasioderma. Ukimgusa hukunja miguu akajifanya maiti, na hapo ndipo pa kumpiga picha, upesi kabla hajafufuka.

Kasoro. Utalazimika kumkaribia mdudu kiasi cha sentimita mbili, na kinachotoka safi ni ukanda mwembamba sana: ukipata macho, miguu ya nyuma imepotea. Weka simu juu ya vitabu viwili, usishike kwa mkono, na msogeze mdudu kwa kusukuma karatasi aliyokaa juu yake. Pembezoni mwa picha huwa na ukungu na rangi ya zambarau, kata tu. Simu yenyewe huziba mwanga, kwa hiyo fanya kazi dirishani asubuhi, au tumia tochi ya simu nyingine iliyofunikwa kwa tishu. Tochi wazi kwenye mgongo unaong'aa kama wa Necrobia huacha doa jeupe tupu. Mdudu msumbufu mtie kichupani, dakika chache ndani ya friji, si kwenye barafu. Atatulia, ila kwa joto letu la Kaskazi hakai sana.

Kibanio chenyewe kina mpira mgumu na springi dhaifu, kikiguswa lenzi inahama. Nimekifunga kwa raba ya nywele. Halafu kuna unyevu wetu wa bahari, ambao huotesha kuvu kwenye kioo cha lenzi. Iweke kwenye kopo la kufunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Jirani alinishauri nitumie mchele. Mchele! Na hao fukusi nawatoa wapi?

Mwenye kamera kubwa na asitazame hii, atafute pete za kurefusha lenzi. Mwenye simu na kabati la nafaka, nunua. Ile lenzi ya kupanua mandhari nimempa mpwa wangu, anaipigia picha za harusi, na maharusi wametoka sawa ila mashangazi wa pembeni wote wamepinda.