Glasgow mpaka Mallaig, Uskoti, kwa treni ya dizeli ya kawaida: uzoefu wangu (nyota 4 kati ya 5)

Niseme ukweli mapema, hii treni hatukupanga kuipanda. Shemeji yangu alikuja kututembelea Glasgow na mwanawe wa miaka tisa, na dogo alikuwa na jambo moja tu kichwani, ile treni ya moshi ya Fort William kwenda Mallaig inayopita juu ya daraja la Glenfinnan, ile ya kwenye sinema za Harry Potter. Mimi nikajifanya mwenyeji, nikasema hiyo niachieni mimi. Kufungua simu wiki mbili kabla, nafasi hakuna, siku zote zimejaa. Dogo kanuna, shemeji ananitazama vile mashemeji wanavyotazamana, mke wangu kimya. Nikawaambia basi tupande ya dizeli, inapita reli ileile na daraja lilelile na inaanzia hapahapa Glasgow, stesheni ya Queen Street. Hakuna aliyepiga makofi.

Tiketi nilikata kwenye app moja ambayo ilinitoza mara mbili na hela yangu ikarudi baada ya wiki tatu, kwa hiyo ushauri wa kwanza, nenda dirishani kaongee na mtu.

Treni yenyewe ni ile wanayoiita Sprinter, aina ya 156, behewa mbili mbili zinazounganishwa kama unavyotaka. Zilitengenezwa Birmingham na Metro-Cammell kati ya 1987 na 1989, na hii njia zimeanza kuifanyia kazi 1989. Yaani mimi na hiyo treni ni rika moja, na yenyewe imejitunza kunizidi. Haina kichwa cha kuvuta, kila behewa lina injini yake ya Cummins ya nguvu farasi 285 chini ya sakafu, kwa hiyo ukikaa katikati ya behewa unaisikia miguuni. Treni ikisimama stesheni injini ikiwa inanguruma chinichini, chai yangu juu ya meza ilikuwa inachora viduara vidogo vidogo kwenye kikombe, na ikishaondoka viduara vinapotea. Dogo aliliona hilo kabla yangu, akaacha kununa kidogo akawa anasubiri kila stesheni atazame kikombe.

Sasa Crianlarich. Hapa nisikilizeni vizuri. Treni ikifika hapo inakatwa, behewa nyingine zinakwenda Oban, mji mwingine wa pwani, na nyingine zinakwenda Fort William na Mallaig. Wametangaza, tena zaidi ya mara moja, na ubaoni imeandikwa, mimi ndiye niliyekuwa nimesogea behewa jingine kutafuta meza yenye dirisha zuri halafu nikawaita wote waje. Tumekaa, tumefungua chapati, mama mmoja wa pembeni akaniuliza kwa upole kabisa, nyinyi pia mnashuka Oban? Wallahi sijawahi kufunga chapati kwa kasi ile. Tulikimbia kwenye jukwaa la stesheni na mabegi, shemeji mbele na dogo mkononi, mimi nyuma na thamosi, tukaingia behewa letu na dakika zimebaki. Shemeji hakusema kitu. Afadhali angesema.

Kwa nini Oban na Mallaig wanachangia treni moja? Zamani Oban ilikuwa na reli yake ya kupitia Callander, lakini Septemba 1965 mawe yakaporomoka Glen Ogle yakafunika reli, na kwa vile ilikuwa tayari imepangwa kufungwa hawakuhangaika kuifungua tena. Tangu hapo wa Oban wote wanapitia huku.

Kuanzia Bridge of Orchy ndiyo utaelewa kwa nini watu wanaisifia. Rannoch Moor ni tope tupu mpaka macho yanachoka, na reli mle haina mwamba chini yake, wajenzi walitandaza matawi na mizizi na udongo na majivu mpaka tope likakubali kubeba. Hiyo ilifunguliwa 1894 na mpaka leo treni inaelea humo. Halafu Corrour, mita 408 juu ya bahari, stesheni ambayo hata barabara ya umma haifiki. Walishuka vijana wawili na mabegi mgongoni, treni ikaondoka, wakabaki wamesimama pale na mvua, na mke wangu akasema hao wana wazimu.

Kitu kingine mtazame dereva. Njia ni moja, treni mbili haziwezi kuingia kipande kimoja, zamani dereva alikuwa anakabidhiwa kipande cha chuma mkononi kama kibali. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kibali kinakuja kwa redio kutoka Banavie karibu na Fort William. Kwa hiyo ukiona treni imesimama tu stesheni na hakuna anayeshuka wala kupanda usilalamike, dereva anaongea na Banavie.

Sasa wapenzi wa treni wa huku wataniambia hiyo 156 ni basi tu limewekwa kwenye reli. Nimewasikia sana. Wanachokililia ni injini za 37, zile vichwa vizito vya nguvu farasi 1,750 vya English Electric vilivyokuwa vinavuta abiria hapa miaka ya 80 kabla Sprinter hazijaja, na kabla ya hizo zilikuwepo 27. Nawaelewa, mlio wa 37 ikipanda mlima ni kitu kingine. Lakini watu wanasahau kichwa kikifika Mallaig kinafunguliwa, kinazunguka reli ya pembeni, kinaenda kufungwa upande wa pili ndiyo mrudi, wakati dereva wa 156 anachukua begi lake anatembea mpaka upande wa pili basi. Na kuna kituko kimoja nakipenda, dizeli za mwanzo zilikuwa zimebeba boila ndani, siyo ya kuendeshea, ya kutoa mvuke wa kupasha abiria joto, kwa sababu mabehewa yalikuwa bado ni ya enzi ya moshi. Umeme wa kupashia joto ulikuja baadaye, 37 za hapa zikabadilishiwa mitambo mwaka 1985 na 1986.

Lakini mimi hadithi inayonigusa ni ya dizeli zilizofeli. Babu yangu alikuwa mtu wa reli Voi enzi za East African Railways, na jina Glasgow nililijua kwake kabla sijajua Uskoti ni wapi, maana injini za moshi za 29 za kwetu zilitengenezwa Glasgow na North British Locomotive Company miaka ya 1950. Kampuni hiyohiyo ikaona moshi unaondoka ikaingia kwenye dizeli, ikatengeneza 58 za aina iliyokuja kuitwa 21, kwa injini za Kijerumani za MAN zilizoundwa hapa kwa leseni. Zilikuwa zinaharibika kila leo. Nyingi zilianzia kazi England, mwaka 1960 zikahamishiwa Uskoti ziwe karibu na kiwanda kilichozitengeneza, fikiria hiyo aibu. Ishirini zikabadilishiwa injini zikaitwa 29 (siyo zile 29 za moshi za kwetu), zikavuta abiria kwenye njia hii ya Fort William mpaka kufikia 1971 zote zimeondolewa. Kiwanda chenyewe kilikufa 1962. Watu walioweza kutengeneza injini ya kupanda kutoka Mombasa, wakashindwa na dizeli. Hilo nilimweleza shemeji kati ya Tulloch na Roy Bridge, na ndiyo mara ya kwanza tangu Crianlarich akaniuliza swali.

Fort William treni inageuka, ilikoingilia ndiko inakotokea. Kwa hiyo ukitaka kuona Loch Lomond na baadaye Glenfinnan bila kuhama kiti, kaa kulia tokea Glasgow, kulia kwako kutakuwa kushoto baada ya Fort William, na kushoto ndiko liliko ziwa la Shiel na ndiko daraja linakojipinda. Sisi tulikuwa upande sahihi kwa bahati tu, maana baada ya mbio za Crianlarich tulikaa palipokuwa wazi. Daraja lina matao 21, mita 380, zege tupu bila nondo, limefunguliwa na reli yote ya Mallaig mwaka 1901. 156 inapita polepole. Dogo alibandika shavu kwenye kioo akaliona behewa letu la mbele likikata kona mbele yake, na chini kabisa watu wadogo kama sisimizi wanatupiga picha, akawapungia, wengine wakajibu. Madirisha hayalingani na viti, hapo nimekata nusu nyota. Nusu nyingine kelele, zaidi ya saa tano miguu inatetemeka. Na chakula beba chako.

Mallaig tukakuta treni ya moshi imesimama pale inasubiri kurudi! Kilomita 264 tumekuja na dizeli na bado dogo akaipata bure, akasimama pembeni ya injini mpaka chembe ya makaa ikamwingia jichoni, shemeji akawa anampuliza huku anacheka. Tukala samaki bandarini tukitazama feri ya Skye inatoka.

Kurudi nilisoma ubao mara tatu. Mwezi wa kumi nataka nione upande wa Oban, safari hii nikiwa nimepanda behewa la Oban kwa kukusudia, na shemeji ameshasema atakuja ila tiketi atakata yeye.