Duka la kamera lililokubali kadi yangu ya mkimbizi

Nianze na ubaya: betri za duka hili la Nsambya, hapa Kampala, zimechoka. Kati ya nne nilizopewa, mbili zilikata kabla ya saa sita mchana, tena siku tuliyokuwa na kibali cha kupiga picha kando ya reli ya Namuwongo. Hata hivyo nitarudi kwao.

Hii ni filamu yangu ndefu ya kwanza. Mzee ametoka gereza la Luzira, kijana anashona miavuli. Mtaa mzima hauwasalimu, basi wanasalimiana wao kwa wao. Duka la kwanza nililoingia, nilipotoa kadi ya mkimbizi iwe dhamana, dada wa kaunta aliigeuzageuza kisha akaniuliza kama sina Mganda wa kunisimamia. Hawa wa Nsambya walinakili namba, wakachukua amana ya shilingi 400,000, na fundi wao akauliza, "Hadithi yenyewe ni ya nini, kaka?"

Nikamsimulia. Akaitoa kwenye begi lenzi ya milimita 50 niliyoiomba, akaweka ya 24, inayoona pana zaidi. "Si umesema wanakaa chumba cha futi kumi kwa kumi? Na hiyo 50 utasimama wapi, mtaroni?"

Akanishauri pia niache taa kubwa, nichukue kinasa sauti cha pili na maiki ndogo za kubana shatini. Nilinung'unika, maana taa ukiibeba watu wanaona kweli unatengeneza filamu. Siku ya tatu mvua ikashuka juu ya mabati, ile ya Kampala isiyobisha hodi. Maiki ya fimbo ilinasa mvua tupu. Zile za shatini ndizo zilizookoa pale mzee anapokata rolex, chapati iliyoviringwa na mayai, katikati na kumsukumia kijana kipande chenye yai jingi, akisema hana njaa. Bila sauti ile, sina filamu.

Kamera, lenzi mbili na vinasa sauti: 200,000 kwa siku, na ukilipa siku sita ya saba ni bure. Jenereta yao usiiguse, inanguruma kama kinu cha posho.

Amana nilirudishiwa, wakakata 20,000 za kifuniko cha lenzi. Kilinidondoka relini, hilo ni langu. Betri, waambie waziwashe zote mbele yako, na usiondoke kabla ya nusu saa.