Uzoefu wangu: Land Cruiser ya kukodi yenye hema juu ya paa, Mwanza hadi Ngorongoro

Gari lenyewe zuri. Ni Land Cruiser ya dizeli yenye friji ya volti 12, jiko la mtungi wa kilo 6 na hema la watu wawili juu ya paa. Siku tano za Magu, Lamadi, lango la Ndabaka la kuingia Serengeti, Seronera katikati ya hifadhi hadi ukingo wa kreta, injini haikusumbua. Kilichosumbua ni hema.

Kuanzia Ndabaka barabara ya vumbi ina mawimbi kama bati, na mtikisiko ule hulegeza nati. Hema limeshikwa kwa bolti nane za milimita 8 zenye nati za kawaida. Kufika Seronera, mbili zimeshadondoka na ya tatu inazunguka kwa vidole. Kabla ya kupokea gari panda juu na spana namba 13, kaza zote, halafu rudia kila jioni. Dawa yake hasa ni nati zenye plastiki ndani, ambazo hazirudi nyuma zenyewe. Mwenye gari nimemwambia azibadilishe, maana hema zito namna ile likichomoka mwendoni litaua mtu.

Upepo wa tairi nao usiufanyie mzaha. Kwenye lami hadi Lamadi: psi 35 mbele, 40 nyuma. Langoni shusha hadi 26 na 30, utasikia gari linatulia na vyombo vinaacha kugongana. Ila ukishusha usikimbie, tairi laini huchemka na kupasuka ubavuni. Hifadhini mwisho ni kilomita 50 kwa saa hata hivyo.

Masika njia ya Ndabaka iache. Ule udongo mweusi wa mbuga, tunaoujua vizuri huku Usukumani, ukilowa hujaa kwenye mifereji ya tairi na tairi jipya linageuka kipara. Hapo hata magurudumu yote manne yakivuta, gari linateleza tu. Kiangazi adha ni mbung'o: usivae nguo za bluu wala nyeusi, funga vioo.

Dizeli jaza Lamadi, Seronera ipo ila ni ghali. Serengeti na Ngorongoro ni mamlaka mbili, kila moja na malipo yake, na fedha taslimu hawapokei. Kibali kinahesabu saa 24, kwa hiyo kuchelewa kutoka Naabi, lango la Serengeti upande wa Ngorongoro, ni kulipa siku nyingine.

Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300. Mablanketi mawili tuliyopewa yanafaa Mwanza, si kule. Ongeza mazito mawili kwa kila mtu. Maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo maharage yachemshe nyumbani kabisa, uyagandishe, la sivyo utamaliza gesi yakiwa bado magumu. Usiku zima friji: gari hili lina betri moja tu, na asubuhi ya baridi ile dizeli inahitaji betri iliyojaa kuwaka.

Kushuka kreta kwa njia ya Seneto tumia gia namba moja, usikanyage breki mfululizo. Kwa uzito wa hema na maji, zinaanza kunuka kabla hujafika chini.