Nimezunguka Mbeya na kipande cha boksi natafuta simu ndogo: uzoefu wangu na Samsung Galaxy S10e baada ya miezi nane

Mwenzenu mkono wangu ni mdogo, nianze na hilo kabisa ili mtu asije akaniambia mbona yeye anashika simu kubwa vizuri tu. Viatu navaa namba 36, glavu zikigawiwa kazini mimi zangu zinapwaya kwenye ncha. Sasa simu niliyokuwa nayo ilikuwa ya inchi 6.7, betri 5000, na kwenye chaji sikatai, nilikuwa naweza kumaliza siku mbili. Lakini kile kimshale cha kurudi nyuma kiko juu kule pembeni kushoto, mimi nimeshika na mkono wa kulia, nakifikia na nini? Mpaka niisukume simu ipande juu kwenye kiganja, na hapo ndo inapodondokea kila siku.

Na kazi yangu ndo imenifanya nichoke nayo. Nanunua parachichi kwa wakulima huko Rungwe, tunapima shambani, mkono mmoja umeshika kreti au daftari, mwingine simu, unapiga picha namba ya mizani unamtumia mkulima na bosi hapohapo ili kesho asitokee wa kusema alipunjwa, halafu unamrushia hela yake. Yote hayo umesimama kwenye mteremko na matope ya Tukuyu mnayajua. Simu nilikuwa naweka mfuko wa sweta, nusu yake iko nje inachungulia, ukiinama kuokota parachichi yenyewe inatangulia chini. Kioo nimebadilisha mara mbili kwa mwaka mmoja. Ya tatu ikaangukia jiwe nikasema basi, safari hii sibadilishi kioo, nabadilisha simu.

Nikaenda sokoni Mwanjelwa, hapahapa Mbeya. Duka la kwanza namwambia kijana naomba simu ndogo, akanichomolea kitochi. "Hiki hapa dada, unachaji Jumapili mpaka Jumapili." Nikamwambia hapana, nataka smatifoni ila ndogo. "Aaah, ya mtoto?" Ya kwangu. Akaniangalia kama sina hela vile, akanishauri niongeze kidogo nichukue kubwa kwa sababu bei zinakaribiana, kama vile simu inauzwa kwa kilo kwa hiyo unayepewa pungufu umeliwa. Maduka manne matano hivi nimeingia siku ile na stori ni ileile. Simu kubwa ndo ya mtu mzima, ndogo ni ya bibi au ya mtoto wa darasa la tano.

Na kwa kweli kosa la kwanza nililifanya mwenyewe hapo. Nikanunua kweli hiyo ya mtoto, mpya kwenye boksi, inchi 5, ram 1, memori 16. Mkononi ilikaa raha jamani. Lakini ukifungua WhatsApp unaweza kwenda kunywa chai ukarudi, ukipiga picha ya mizani ile namba inatoka kama imeandikwa kwa mkaa, na memori ikajaa siku ya tisa. Wiki tatu nikampelekea bibi yangu, anasikilizia redio, anaipenda sana. Nikajifunza kwamba watengenezaji wakitengeneza ndogo siku hizi mara nyingi wanaiweka na kila kitu kidogo, akili ndogo, kamera ndogo, kana kwamba mtu mwenye kidole kifupi hana kazi za maana.

Sasa hapa ndo nikaja na ujinga wangu ambao umenisaidia kuliko ushauri wa mtu yeyote. Usiku mmoja nimekaa mezani, nikachukua boksi la kupakia parachichi nikakata kipande chenye upana sawasawa na ile simu yangu kubwa, karibu sentimita 7.6. Nikakishika kama simu, dole gumba halifiki ukingo wa pili. Nikapunguza na mkasi kidogo. Bado. Nikapunguza tena. Mume wangu akauliza mama nanii unashona nini usiku huu, sikumjibu. Ilipofika sentimita 7 kamili dole gumba likagusa ukingo wa pili bila kiganja kusogea. Nikakitia kile kipande mfuko wa sweta nikatembea nacho siku nzima, nainama, nainuka, kimetulia mfukoni. Basi nikajua natafuta nini, na sio inchi.

Maana inchi zinadanganya, hili watu wengi hawalijui na wauzaji ndo kabisa. Inchi wanapima kwa mshazari, kona kwa kona, kwa hiyo simu ikiwa nyembamba na ndefu inchi zinapanda wakati upana haujaongezeka. Mwaka 2011 Samsung walitoa Galaxy Note ya kwanza, inchi 5.3, watu wakaicheka kwamba ni sahani, na kweli upana wake ulikuwa milimita 83. Mwaka 2020 Apple wakatoa iPhone 12 mini ya inchi 5.4, inazidi ile sahani kwa inchi, ila upana wake milimita 64. Ona pia iPhone SE ya 2020, inchi 4.7 tu lakini upana milimita 67, yaani yenye inchi chache ndo pana kuliko mini. Kwa hiyo ukienda dukani wewe usiulize inchi, nenda na rula, au na boksi lako kama mimi.

Nikaanza kuchambua. Hizo mini za iPhone, 12 na 13, mkononi hakuna kama hizo, nilishika ya dada mmoja wa saluni nikatamani nikimbie nayo. Ila zinachukua laini moja ya kadi, ya pili iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu yenyewe, na mimi laini zangu mbili zote ni kadi, moja ya hela moja ya bando, sikutaka kuhangaika. Betri nayo ndogo mno. Walizitoa miaka miwili tu, mwaka 2022 ilipokuja 14 hakukuwa na mini tena, badala yake wakaleta Plus. Sony nao walikuwa na zile Compact wakaziacha baada ya 2018. Asus Zenfone 10 ya 2023 ilikuwa inchi 5.9, nzuri balaa kwa makaratasi, mwaka uliofuata wakatoa ya inchi 6.78, na hapa Mbeya mimi hiyo Zenfone hata kwa macho sijaiona. Google Pixel 4a inapita kwenye boksi langu, milimita 69 na kidogo, ila fundi wa Kabwe akaniambia kioo chake mpaka aagize Dar, na mwaka 2025 Google wenyewe walishusha apdeti iliyopunguza uwezo wa betri kwenye baadhi ya hizo 4a. Nikaruka.

Ikabaki Samsung Galaxy S10e. Ya mwaka 2019, ndio, ya zamani, lakini upana wake milimita 69.9, gramu 150, ram 6, memori 128, tundu la earphone lipo, na vioo vyake angalau mafundi wanavijua. Kipande changu cha boksi ni kama kilikatwa juu yake.

Kuipata sasa. Ya kwanza niliagiza kwa muuzaji wa Dar, nikamuuliza mara mbili ni ya laini mbili? Ndio dada laini mbili. Ikaja na basi la usiku, asubuhi nikaenda stendi kuchukua, nafungua kale katreyi, tundu la laini moja. Kuangalia namba ya modeli kwenye settings ni G970U, hiyo ni ya soko la Marekani na inachukua laini moja. Unayotaka ni G970F yenye DS mwishoni, yaani laini mbili. Nikairudisha kwa nauli yangu, hela ikarudi baada ya siku kumi na moja za kupigiana simu, simtaji mtu ila nilikonda.

Ya pili nikaipata Mwanjelwa palepale, kwenye kimeza cha kaka mmoja anayeuza used, ilikuwa chini kabisa ya rundo la simu kubwa. Nikatoa boksi langu nikalilaza juu yake. "Dada hicho kikaratasi cha nini?" Nikamwambia ngoja kwanza. Nikabonyeza *#06# nikapata IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, nikaituma kwenda 15090 ile namba ya TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, jibu likaja Samsung. Halafu *#0*#, hii Samsung inakufungulia sehemu ya kupima, unabonyeza Red kioo kinakuwa chekundu chote, Green, Blue, na hapo ndo unaona madoa ambayo kwenye picha nzuri ya wallpaper huyaoni. Kwenye nyekundu nikaona kivuli cha saa kule juu, saa ya mtu wa zamani imeungua kwenye kioo, hafifu sana lakini ipo. Nikamwonyesha. Alianza na laki tatu na thelathini, kile kivuli kikanishushia mpaka laki mbili na tisini. Mpaka leo ukifungua picha nyeupe nakiona, tumeshazoeana.

Kukaa nayo sasa. Jambo kubwa ni kwamba sijaidondosha. Miezi nane, mara moja tu na hapo nilisukumwa kwenye daladala. Alama ya kidole iko ubavuni kwenye kitufe cha kuwashia, palepale dole gumba linapolala, unaitoa mfukoni imeshafunguka. Shida ni Juni na Julai, mnaokaa Uyole mnaijua ile baridi, vidole vinapasuka, halafu uongeze utomvu wa parachichi, simu inakukana kama haijawahi kukuona, napangusa kwenye sweta weee mwisho naandika tu namba za siri. Na wewe unayetumia mkono wa kushoto kile kitufe kitakusumbua, kiko kulia na juu kiasi.

Kamera ya mizani haina neno, namba zinasomeka. Kibodi imebanana lakini naandika kwa dole moja na linafika kila herufi, wakati mume wangu akiichukua anaandika upuuzi mtupu na kuisogeza mbali na macho. Yeye anaangalia mpira kwenye simu, abaki na lisahani lake, simlaumu.

Betri. Hapa sitawadanganya. Ni 3100 ikiwa mpya, na hii haikuwa mpya. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi imejaa, saa nane mchana iko 25. Ukishuka kwenye mabonde kule mtandao unayumba, na simu inayotafuta mtandao inakula chaji haraka. Ikabidi ninunue pawabenki, kwa hiyo sasa nina simu nyepesi mfukoni na tofali kwenye mkoba, cheka tu.

Baadaye nikapeleka kwa fundi nikabadilisha betri, ikawa afadhali, inafika saa kumi na moja jioni. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba S10e haiogopi maji kwa sababu ya gundi inayozunguka mgongo, na ukishaubandua ule mgongo ukarudisha bila gundi mpya yenye kuziba vizuri, hiyo sifa imekwisha. Mimi nikaendelea kuiamini kama zamani. Mvua ya Tukuyu ikanikuta barabarani juu ya boda, kufika nyumbani kamera ina ukungu kwa ndani kama kioo cha basi alfajiri. Nikaitia kwenye mchele, wa Kyela kabisa, ikatoka inanukia na ukungu wake vilevile. Ilikauka yenyewe baada ya siku tatu dirishani, picha zimebaki na alama ndogo kwenye kona. Ukifunguliwa simu muulize fundi gundi, ukiwa bado umesimama pale.

Kingine, Android yake imeishia 12, Samsung hawaipi apdeti tena. Kwa sasa WhatsApp na app za hela zinafanya kazi, ila najua siku moja mojawapo itagoma. Kwa hiyo wiki iliyopita nikapita tena Mwanjelwa kuangalia S23, upana milimita 70.9, nikatoa kipande changu, kimechakaa kona zimelegea, nikakilaza juu yake, ikazidi kwa uzi tu. Nikashika, dole gumba likafika kwa kujivuta kidogo. Nikauliza bei. Yule kaka akataja, nikakirudisha kipande mfukoni nikapanda bajaji.