Kozi ya Kiingereza cha dampo: nyota tatu

Nipo mizani ya magari ya taka. Wageni wa mradi wakija wanaongea Kiingereza cha vifaa, siyo cha habari za asubuhi, ndiyo maana nikailipia kozi hii ya kwenye simu kwa ajili ya sura ya kufukia taka.

Hapo wameupiga mwingi. Sura inafuata shimo kuanzia chini: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake nailoni nene, halafu kokoto na mabomba ya kukusanya leachate, yale maji meusi yanayochuja kutoka kwenye taka. Ukigusa tabaka kwenye picha, linatamka jina lake. Gesi ya methani nayo imeelezwa inakotoka, yaani taka zinazooza bila hewa. Hata udongo wa kufunika taka kila jioni umo, ule wa kuzuia nzi na harufu.

Sasa lawama. Sauti inayosoma masomo ina haraka kama konda wa daladala, na kitufe cha kupunguza mwendo hakuna. Tena shimo lao ni la Ulaya tupu: waokota chupa hawamo, wakati ukienda dampo la Pugu Kinyamwezi, Dar, au la Dandora, Nairobi, hao ndio unaoanza kukutana nao. Niliwauliza huduma kwa wateja, wakanijibu kwa emoji.

Shilingi 15,000 kwa mwezi ni nyingi. Kama unataka msamiati wa kuandikia ripoti, lipia mwezi mmoja, pakua masomo yote ukiwa na waifai, kisha achana nao. Kuongea na mhandisi ana kwa ana, tafuta mwalimu.