Karatasi ya HDPE ya lambo: nunua milimita 0.75, lakini ipime kwanza

Kwa anayechimba lambo la kuvuna maji ya mvua Machakos, Kitui au Laikipia, mahali udongo haushiki maji, karatasi ya HDPE (plastiki imara ya kutandika ndani ya lambo) yenye unene wa milimita 0.75 ndiyo ya kununua. Ya 0.5 inatosha bwawa dogo la samaki kwenye udongo laini. Kwenye changarawe hutoboka mapema. Ya milimita 1 ni imara sana, ila ni ngumu kuikunja kwenye kona.

Unene ulioandikwa kwenye bando usiuamini hivi hivi. Omba kipande cha sentimita 50 kwa 50 na ukiweke kwenye mizani. Cha 0.75 kiwe karibu gramu 175, cha 0.5 karibu 117. Kikija 140, unauziwa 0.6 kwa bei ya 0.75. Rangi iwe nyeusi tii, kwa sababu kaboni ndiyo inayokinga plastiki dhidi ya jua. Kikunje kwa nguvu: kikipasuka kwenye mkunjo, kirudishe.

Ujazo nao hutiwa chumvi. Lambo la mita 20 kwa 10, kina mita 2.5, utaambiwa linabeba lita 500,000. Hiyo ni hesabu ya sanduku! Kingo lazima zilale, mita 1.5 kando kwa kila mita 1 ya kina, la sivyo udongo huporomoka chini ya karatasi. Kitako kinabaki mita 12.5 kwa 2.5, na ukiacha sentimita 30 za juu bila maji, unapata takriban lita 210,000. Kumwagilia robo ekari kwa matone, lita 4,000 kwa siku, utafika wiki sita hivi, maana jua nalo lina fungu lake: likivukiza milimita 5 kwa siku, lambo lililojaa hupoteza karibu lita 870 kila siku. Karatasi haizuii hilo.

Lambo hilo hutaka karatasi ya mita 24.5 kwa 14.5, ikiwa ni pamoja na mita 1.5 kila upande za kufukia kwenye mtaro wa sentimita 50 kwa 50. Uzito ni kama kilo 250, basi tafuta watu wa kutosha kuibeba. Ikikokotwa juu ya kokoto imeharibika kabla ya kazi.

Mawe huonekana na huokoteka. Adui wa kweli ni ndago: chipukizi lake lina ncha kali na hutoboa karatasi kutoka chini. Chimbua viazi vyake vyote, kisha tandika mchanga laini kwenye kitako na kitambaa kizito cha geotekstaili kwenye kingo, kwa kuwa mchanga hapo hauketi.

Usiivute ikakaza. Mita 24 zikipoa kwa digrii 25 hupungua zaidi ya sentimita 10, kwa hiyo iliyokazwa saa saba mchana usiku huning'inia kwenye kona, na maji yakijaa uzito wake huichana. Iache na mikunjo, fukia mtaro asubuhi kukiwa na baridi, na siku hiyo hiyo tia maji ya sentimita 30 ili upepo usiinyanyue.

Viungio ni vya mashine ya joto. Gundi haishiki HDPE. Fundi mzuri huunganisha mistari miwili, akaacha njia katikati, akaijaza upepo kwa pampu yenye geji. Mshale ukishuka sana ndani ya dakika 5, kuna tundu, na asilipwe bado. Bomba la kutolea maji lipite juu ya ukingo, kamwe lisitobolewe kwenye karatasi.

Karatasi ikilowa huteleza kama kambare: aliyetumbukia hapandi mwenyewe. Kamba zenye mafundo pande zote nne na ua imara ni sehemu ya bei, si nyongeza. Ua huo pia huzuia kwato za ng'ombe. Tundu likitokea, shusha maji, kausha, kisha bandika kwa joto kiraka cha karatasi ile ile chenye kona za mviringo, kinachopita tundu kwa sentimita 15 kila upande.