Protekta ipi ununue bila kuiponza waranti ya simu: orodha yangu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Mdogo wangu alinunua simu mpya yenye kioo kilichojipinda pembeni, na siku hiyohiyo, kabla hata hajaiweka laini, akabandikiwa protekta ya UV. Ni ile ya gundi ya maji inayokaushwa kwa taa ya zambarau. Ilikaa vizuri sana. Ukipitisha kucha huhisi inaanzia wapi. Wiki tatu baadaye akawa hasikii anayempigia. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Tukaenda kituo cha huduma tukiwa na risiti na kadi ya waranti mkononi. Fundi akaitoa protekta, akaiweka simu chini ya lenzi ya kukuzia, kisha akaniita nitazame. Kwenye wavu wa spika ya sikioni, ule ufa mwembamba juu ya kioo, kulikuwa na kitu kinachong'aa kama ute wa konokono uliokauka. Ilikuwa gundi. Akaandika kwenye fomu kwamba kimiminika kimeingia, na waranti ya simu ambayo haijatimiza mwezi ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo kila ninayemwona anachagua protekta namuuliza swali moja: siku ukiibandua, itaacha nini kwenye simu? Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo, kwa sababu protekta yenyewe ni nadra sana kuleta shida ya waranti. Kinacholeta shida ni gundi inayopenya, maji yanayopulizwa, joto linalozidi na simu kufunguliwa.

Kwanza, waranti inalinda nini?

Wengi wanaamini kioo kikipasuka ndani ya mwaka watabadilishiwa bure. Waranti ya kawaida haifanyi hivyo. Inashughulikia ubovu uliotoka kiwandani: tachi inayojibonyeza yenyewe, mstari uliotokea kwenye kioo bila simu kudondoka, chaji isiyoingia, maiki isiyosikika. Kupasuka, kuingia maji na kufunguliwa na fundi asiyetambulika vyote viko nje. Kinacholipia kioo kikipasuka ni bima au ofa maalumu, na hiyo ina masharti yake ya kusoma peke yake.

Simu nyingi zinazouzwa kwetu zina waranti ya miezi 12. Tecno, Infinix na itel zimezoeleka kwa 12 na mmoja wa nyongeza, na matengenezo yake yanapita Carlcare, vituo vya huduma vya chapa hizo. Katika miezi hiyo unapopeleka simu yenye tatizo la tachi au la sauti, jambo la kwanza fundi anafanya ni kuitoa protekta ili apime kioo kikiwa kitupu. Hurudishiwi. Kwa hiyo protekta ya bei kubwa ndani ya mwaka wa kwanza ni hela unayoweza kuipoteza kwa ukaguzi wa dakika mbili.

Kabla hujatoa hela: ile iliyokuja na simu

Simu nyingi za Redmi, Tecno na Infinix zinatoka kwenye boksi zikiwa na filamu nyembamba iliyobandikwa kiwandani. Wauzaji wana haraka ya kuitoa ili wakuuzie nyingine. Mzuie. Imekatwa kwa kipimo cha simu hiyo, haijaziba sensa wala spika, na hakuna kituo cha huduma kitakachokuuliza imetoka wapi. Haizuii pigo kubwa, lakini michubuko ya funguo na sarafu inaibeba yenyewe. Itumie hadi ichoke.

1. Protekta ya kioo yenye gundi kavu eneo lote

Kwa simu yenye kioo bapa, hii ndiyo ya kwanza na sioni inayoikaribia. Unene wake huwa kama milimita 0.33, gundi yake ni kavu na imetandazwa upande wote wa nyuma, na siku ya kuitoa inainuka kuanzia kona kwa kadi ya benki iliyochakaa, kioo cha simu kinabaki kisafi. Ikichukua pigo inapasuka yenyewe, na mara nyingi kioo cha chini kinapona. Hiyo ndiyo kazi unayoinunulia.

Angalia neno "eneo lote". Kuna nyingine za sura hiyohiyo ambazo gundi yake iko pembezoni tu, katikati pana hewa. Hizo zinafanya tachi isikubali vizuri, na mwenye simu anaenda kulalamika kituo cha huduma kwamba kioo kibovu, kumbe ni protekta. Itazame kabla haijabandikwa: inua karatasi kidogo uguse katikati. Kama hakunati, iache.

Sasa kuhusu ile "9H" iliyoandikwa kila boksi. Ni kipimo cha penseli. Penseli zina ngazi za ugumu, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote kwenye kipimo hicho. Maana yake penseli hiyo haikuchubua kioo, basi. Haimaanishi ugumu wa 9 kwenye mizani ya Mohs wanayotumia wanajiolojia. Muuzaji anapokukwangulia protekta kwa kisu mbele ya macho yako, kisu hakithibitishi chochote, kwa sababu chuma chake cha kawaida hakikizidi kioo kwa ugumu. Mchanga ndio mtihani. Mchanga na vumbi la barabarani vina madini ya kwatzi, ambayo kwenye mizani hiyo iko namba 7, juu ya kioo. Ndiyo maana simu iliyokwenda Coco Beach Jumapili inarudi na mikwaruzo hata kama imevaa 9H. Na ndiyo maana punje moja ya mchanga iliyobaki chini ya protekta wakati wa kubandika inaweza kukichora kioo chenyewe.

Kwa hiyo mahali pa kubandikia panahusika. Pale Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nimeona vijana wanaifanya kazi hii kwa mikono myepesi ajabu, lakini juu ya meza iliyoko kando ya barabara, na kioo kinafutwa kwa pindo la fulana. Omba aingie ndani, atumie kitambaa safi, kisha apitishe stika ya kuokota vumbi. Ukiweza, ibandike mwenyewe nyumbani, bafuni muda mfupi baada ya kuoga, wakati mvuke umeshusha vumbi chini.

2. Haidrojeli au filamu laini, kwa vioo vilivyojipinda

Kama simu yako imejipinda pembeni, protekta ya kioo ya gundi kavu haishiki vizuri kwenye mkunjo. Hapo chukua filamu laini. Inafuata umbo, mikwaruzo midogo inajifuta yenyewe baada ya muda, na kuitoa ni kuivuta polepole tu. Udhaifu wake ni kwamba haizuii pigo kama kioo, na inachakaa mapema.

Sharti langu ni moja: ibandikwe kavu. Zipo zinazobandikwa kwa kupuliziwa maji yenye sabuni ili ziteleze hadi mahali pake, na maji hayo yanatafuta njia kwenye spika na kwenye tundu la chaji. Simu nyingi zina kistika kidogo ndani kinachobadilika rangi kikilowa, na fundi wa waranti anaanza kukitafuta hicho. Hata simu ya IP68, yaani iliyopimwa kuhimili maji, usiiachie, maana uzuiaji maji huo hupungua simu inavyozeeka na kudondoka, na kampuni nyingi hazilipii madhara ya maji hata kwa simu hizo.

Filamu laini pia inaelewana zaidi na sensa ya alama ya kidole iliyo chini ya kioo. Baadhi ya simu za Samsung zinatumia sensa ya mawimbi ya sauti: inatuma sauti, inasikiliza mwangwi wake kutoka kwenye ngozi ya kidole. Ukiweka kioo kinene au chenye hewa katikati, mwangwi unavurugika. Oktoba 2019 mwanamke mmoja Uingereza aligundua kwamba Galaxy S10 yake, baada ya kuvalishwa kava la jeli la bei rahisi, ilikubali kidole cha mumewe ambaye hakuwahi kusajiliwa. Samsung ilitoa sasisho la kurekebisha mwezi huohuo na kuwaambia watu wafute alama zao wasajili upya. Nawe fanya hivyo: ukishabandika protekta yoyote, futa alama za vidole za zamani usajili mpya. Kwenye Samsung washa pia mguso nyeti, uko kwenye mipangilio ya skrini.

3. Za faragha na zisizong'aa

Waranti haziigusi. Shida yake ni ya macho: ya faragha, ile inayomzuia aliye pembeni asisome skrini yako, inakata mwanga, unapandisha ung'avu, betri inakwenda mbio, na sensa za kidole zinazotumia mwanga zinaweza kugoma. Anayefanya miamala ya watu kwa simu siku nzima kibandani, namwelewa akiichukua. Wengine sioni sababu. Na kama umenunua Galaxy S24 Ultra, kioo chake kilitengenezwa kupunguza mng'ao wa jua. Ukiweka protekta ya kawaida juu yake umeifuta faida uliyoilipia.

4. Vichupa vya "nano" vya kupaka

Unapaka, unasubiri, unaambiwa kioo sasa hakipasuki. Ni utando mwembamba kiasi kwamba hauwezi kupokea pigo. Simu haidhuriki kama hukumimina karibu na spika, ila hela yako imekwenda. Bei hiyo inatosha protekta mbili za kioo.

5. UV, na kwa nini nimeiweka mwisho

Naelewa kwa nini watu wanaipenda. Kwenye kioo kilichojipinda hakuna kinachokaa vizuri kama hii, na sensa ya kidole inasoma bila shida kwa kuwa hakuna hewa katikati. Lakini angalia inavyofanya kazi. Gundi ni ya maji, inamwagwa katikati ya kioo na kukandamizwa ienee hadi ukingoni. Ukingoni ndiko kuliko spika, maiki, vitufe vya sauti na trei ya laini. Ufa mwembamba hunyonya kimiminika kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Kisha inakuja taa. Inakausha gundi inayoiona, lakini ile iliyokwisha kuingia ndani haifikiwi na mwanga, kwa hiyo inabaki mbichi na kuendelea kutambaa siku baada ya siku. Ndiyo maana spika ya mdogo wangu haikufa siku ile. Ilikufa wiki ya tatu.

Mwaka 2024 kampuni kadhaa zikiwamo Xiaomi, Vivo na Realme zilitoa onyo dhidi ya protekta hizi, zikitaja vitufe vinavyokwama, spika zinazoharibika na simu kujizima na kujiwasha. Ukipeleka simu yenye gundi ndani, jibu lao lipo tayari. Kama lazima uiweke, subiri waranti iishe, na hakikisha matundu yote yamezibwa kwa stika kabla tone la kwanza halijadondoka.

Visivyo protekta lakini vinauzwa hivyo

Simu za kukunja ni habari nyingine kabisa. Aprili 2019 baadhi ya waandishi waliopewa Galaxy Fold ya kwanza kuijaribu waliona filamu juu ya kioo, wakadhani ni ile ya kutupa, wakaibandua. Vioo vikafa. Samsung iliahirisha mauzo hadi Septemba, na ikairefusha filamu ile hadi chini ya fremu ili kusiwe na pa kuanzia kubandua. Ukinunua Fold au Flip, hata ya mtumba, filamu ya juu ni sehemu ya kioo. Ikianza kuvimba kwenye mkunjo, ipeleke kituo cha Samsung. Kijana wa kibandani asiiguse.

Na kuna "kubadilisha kioo cha juu tu". Fundi anapasha simu joto, anapitisha waya mwembamba kati ya kioo na skrini, anagandisha kingine. Ni ufundi wa kweli na unaokoa hela, ila ukishafanyika ndani ya mwaka, waranti ya simu nzima ihesabu imekwisha.

Simu zinazotumwa na ndugu kutoka Dubai au Marekani zina kitanzi kingine: waranti nyingi zimefungwa kwa nchi au kanda zilikonunuliwa. Aliyeko Marekani ana nguvu zaidi. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu umetumia kifaa cha kampuni nyingine. Ni juu ya mtengenezaji kuonyesha kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta ubovu. Kwetu, ukikataliwa bila kuonyeshwa sababu, Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC, na Kenya kuna Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012. Omba sababu kwa maandishi kabla hujaondoka dirishani. Na kabla ya kubandikiwa chochote, rekodi video fupi ya simu ikipiga, ikisikika na tachi ikifanya kazi. Kwenye Samsung nyingi, ukiandika *#0*# mahali pa kupigia simu, unafunguka ukurasa wa kujipimia.

Mdogo wangu alilipia spika kutoka mfukoni mwake. Sasa anatumia haidrojeli ya kubandika kavu. Ile ya kwanza aliibandua mezani kwangu wiki iliyopita, ikainuka nzima kama utando juu ya maziwa, na tulipokiinua kioo kwenye mwanga wa dirisha hapakuwa na alama hata moja.